Mama Agneta, Aliyepiga Hodi kwenye Maboma Matupu

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mama Agneta Awino anavua sare ya hifadhi yetu ya Bonde la Mto Agulu baada ya kuivaa miaka thelathini na mmoja. Sare yenyewe imebadilishwa rangi mara kadhaa. Mama hakubadilika, na asiyeamini ajaribu kuchelewa kazini kesho.

Alianza mwaka 1994 kama kibarua wa kufyeka, akawa askari wa doria, kisha msimamizi wa magunda. Kwa msomaji mgeni, gunda ni boma la kale lililohamwa na wenyewe. Bonde letu lina magunda mengi yenye kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, na wenyewe waliondoka karne nyingi zilizopita. Mama alipofika, kuta zilikuwa zimemezwa na vichaka, na watu walikuwa wakibeba mawe kwenda kujengea vyoo. Hakumshtaki mtu. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza nani angependa ukuta wa babu yake ubomolewe hivyo. Mawe mengi yalirudi, mengine yakiwa na chokaa hadi leo.

Sheria yake ilikuwa moja: huingii gunda kwa kuruka ukuta. Boma lina lango, na langoni watu hupiga hodi. Profesa, mheshimiwa, mtoto wa shule, wote walisimama juani wakapiga hodi, wakanyamaza kidogo, ndipo wakaingia. Mama alisema wenyewe wametoka tu, na aliyetoka anaweza kurudi.

Hapo ndipo mwenzetu Opondo alipotuponza. Siku moja alikuwa amejilaza ndani ya gunda kubwa, kivulini, wanafunzi kutoka Kombewa wakafika langoni. Walipopiga hodi, Opondo, usingizi bado umemjaa, akaitikia kwa sauti nzito: karibuni! Jamani! Watoto walitawanyika hadi kwenye mafunjo, na mwalimu wao tulimkuta amepanda juu ya gari letu. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Tulijua Mama atamfokea Opondo. Badala yake alimwambia asante, kwa kuwa miaka yote ile hakuwahi kusikia mtu akiitikia.

Sasa nifike penye uchungu. Boma la Mama liko karibu na Usenge. Mumewe, Bwana Dishon, alizikwa hapo mwaka 2016. Mwanawe wa pekee, Byron, alimfuata miaka mitano baadaye, na mkwewe Maryanne akawachukua watoto wakaenda kutafuta riziki Obunga. Mama akabaki huku kwenye nyumba za wafanyakazi. Mwanzoni alikwenda nyumbani wakati wa likizo, halafu hata hiyo akaacha, maana kulala peke yake kando ya makaburi mawili kulimshinda. Yaani mwanamke aliyefyeka maboma ya watu wengine maisha yake yote, lake likaota magugu. Ndiyo maana kila tulipotaja kustaafu aligeuza mazungumzo. Hakujua kama anarudi nyumbani au anarudi kwenye gunda.

Jumamosi iliyopita tulikwenda naye na mapanga kumsaidia kusafisha. Ua wa minyaa ulikuwa umeziba lango kabisa. Opondo akaonyesha upenyo ubavuni, walikokuwa wakipita ng'ombe wa jirani. Mama akakataa katakata. Tukakata tawi kwa tawi hadi lango likaonekana. Kisha akasimama pale, mbele ya boma lake mwenyewe, akapiga hodi.

Hakuna aliyeitikia. Nilimtazama Opondo. Aliinamisha kichwa. Mama alingoja kidogo, kama alivyotufundisha, halafu akaingia. Kaburi la Byron halikuonekana kwa nyasi. Alianza kufyeka hapo, na hakukubali mtu ampokee panga. Nisifiche kitu: tulilia sote, wanaume kwa wanawake.

Wakati wa kuondoka alituambia kwamba amemwomba Maryanne arudi na wajukuu, na bado hajajibiwa. Waje wasije, yeye atahamia. Boma likiwa na mtu hata mmoja, alisema, hakuna wa kuliita gunda.

Mama Agneta, asante kwa kila jiwe ulilorudisha mahali pake. Asante kwa uji wa doria, na kwa ukali wako, ambao tutautafuta Jumatatu tusiuone. Tunakuombea afya, mvua za kutosha na kelele za wajukuu uani. Nasi tutakuja kukuona, wala hatutapenya ubavuni. Tutasimama langoni, tutapiga hodi, tutanyamaza kidogo. Tafadhali, Mama, itika.

Sheryl, mapokezi ya wageni