Mchezaji Akifa, Azikwe: Risala ya Darasa la Jioni, Same

Mgeni rasmi, Bi. Leticia, mkurugenzi wa shirika linalotufadhili. Mwalimu wetu Anold. Wazee wetu mliotangulia kuketi. Wazazi wenzetu, na watoto mnaochungulia hapo dirishani: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu Same. Upepo uliokupokea pale barabarani ni mwenyeji wetu wa kwanza, na huwa haungoji utaratibu. Tumefurahi kukuona. Tumeogopa pia, kwa sababu tumesikia kwamba leo, kabla hujaondoka, utaamua kuhusu gemu letu: lipelekwe kwenye kompyuta za shule likiwa na mazishi yake, au mazishi yatolewe. Basi msomaji akikosea neno, tunaomba mvumilie.

HISTORIA YA KIKUNDI NA YA GEMU

Sisi ni wanafunzi wa darasa la jioni la kompyuta. Mchana tuko sokoni, tuko kwenye bodaboda, tuko kwenye mashamba ya mkonge, tuko nyumbani na watoto. Mwalimu Anold alipotuambia tutengeneze gemu la mtu anayepambana asife kwa njaa na kiu, Mama Zaituni, muuza maandazi ambaye ndiye mkubwa wetu darasani, aliuliza, "Mwalimu, hilo si ndilo tunalocheza kila siku?"

Tulicheka, tukaanza. Gemu linaitwa Ndiva, kwa jina la yale mabwawa ya milimani yanayokusanya maji ya mfereji, kila kaya ikawa na zamu yake ya kufungulia shamba. Mchezaji anaanzia tambarare, wakati wa ukame. Ana dumu, ana jembe, na ana majirani, ambao ni wachezaji wenzake. Atafute maji, alime, awakwepe tembo, asife.

Hapo kwenye kufa ndipo penye maneno.

Mwanzoni tuliiga gemu za kwenye simu. Mchezaji akifa, anaamka palepale mlangoni kwake, mzima, dumu limejaa. Watoto waliliona hilo siku ileile. Mtoto akiishiwa maji anamkimbilia tembo makusudi. "We kufa tu, maji yapo!" wanaambizana. Sisi tukaona ni ujanja wa watoto, tukacheka nao.

Risala hii ni ya wote, lakini wenzangu wameniruhusu niseme hili kwa kinywa changu. Nina binti, Ummy, bado hajaanza shule, ila huja nami darasani. Kuna wiki bomba la mtaani kwetu lilikuwa kavu. Nilirudi kutafuta maji mikono mitupu, nikakaa kizingitini, nimechoka hata kanga sikuivua. Ummy akaja akanishika shavu. Akaniambia kwa upole, kama anayenipa dawa, "Mama, si ufe kidogo tu, dumu lijae?"

Nilimkumbatia. Jioni nikaja darasani nikawaeleza wenzangu, na hakuna aliyecheka tena.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, tuliamua kwamba katika gemu letu mtu akifa, amekufa. Mwili unabaki pale ulipoangukia, na majirani wanapaswa kuja kumzika. Lakini kwa kuwa sisi ni watu wa huku, tulikosea kwa namna ya watu wa huku. Tuliweka sheria kwamba kukiwa na msiba, kazi zote zinasimama mpaka maiti azikwe. Siku ya majaribio, tembo akaua mtu mmoja. Kijiji kizima kikaacha majembe kikaenda kuzika. Mahindi yakakauka, wawili wakafa njaa. Tukaacha kazi tukawazika hao. Wakafa wengine. Mwishowe alibaki Sebastiani peke yake, mwenzetu wa mashamba ya mkonge, anachimba makaburi huku sisi maiti tumejaa nyuma ya kiti chake tunamtazama.

"Mnacheka nini?" akafoka. "Njooni mnisaidie kuchimba!"

"Sisi si tumekufa, shemeji?" akamtania mmoja wetu.

"Na mimi nikifa, nani atanizika?"

Mama Zaituni ndiye aliyesema, "Nyie watoto, mmewahi kuona msiba wapi usio na kamati? Wengine wanachimba, wengine wanapika, wengine wanateka maji. Na yuko anayepanda hadi kwenye ndiva kumfungulia mfiwa zamu yake, shamba lake lisikauke kwa sababu analia."

Ndivyo lilivyo gemu sasa. Kifo hakisimamishi kijiji, kinagawa kazi. Aliyekufa hafungiwi skrini. Anaendelea kuona, ila hana mkono wa kugusa kitu. Anaona nani amekuja na jembe. Anasikia wakitaja watu aliowapa maji na aliowasaidia kwenye msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja. Akishazikwa ndipo anarudi, lakini harudi yeye. Anarudi kama mdogo wake au mtoto wake, na anakuta shamba jinsi majirani walivyolitunza.

Tulibishana sana juu ya mchezaji mchoyo, aliyemnyima mwenzake maji mpaka mwenyewe akafa. Vijana walitaka aachwe fisi wamle. Mama Zaituni akakataa katakata: "Kuzika si zawadi." Basi naye anazikwa, ila kaburini kwake watu hawana la kusema. Wachezaji wametuambia kimya kile kinauma kuliko fisi.

Ummy naye amecheza. Mtu wake alikufa kwa kiu njiani. Alitazama mazishi yote kidole kiko mdomoni, halafu akaniuliza kama wamemfunika vizuri. Aliporudi kama mdogo mtu, kazi yake ya kwanza ilikuwa kumpelekea jirani maji. Hatukumfundisha.

CHANGAMOTO

Hatutaki kukupambia maneno, mgeni rasmi. Wapo watoto waliolia. Yupo aliyeondoka na hakurudi. Mzee Hamidu, jirani yetu na mtu tunayemheshimu, alituambia tunawaitia watoto msiba, na usiku ule wengi wetu hatukulala vizuri. Huenda yuko sahihi. Sisi si wataalamu wa watoto, ni wazazi wao tu.

Wafanyakazi wako walipotutembelea walisema, "Toeni mazishi, mchezaji aamke papo hapo, gemu litapendwa." Tulinyamaza. Tunaomba ieleweke kwamba kunyamaza kule hakukuwa kukubali. Walikuwa wageni, na chakula kilikuwa hakijaliwa.

Tunajua mnatutakia mema. Hofu yetu ni kwamba gemu likifika shuleni bila mazishi, litafika likiwa na lile dumu linalojaa kwa kufa. Watakaolicheza ni watoto wanaotembea na madumu ya kweli.

MAOMBI

Kwanza, tunaomba mazishi yabaki. Yakionekana marefu, tutayafupisha. Rangi za kaburi zikitisha, tutazibadilisha hata leo. Vilio vya msibani navyo tunaweza kuvipunguza. Ila tunaomba sana, kwa unyenyekevu, asiwepo mchezaji anayekufa bila mtu kuja.

La pili ni dogo. Chai iko tayari, na maandazi ni ya Mama Zaituni mwenyewe, lakini tunakuomba kabla ya chai ukae ucheze. Kiti chako ni hiki cha mbele, kompyuta imewashwa, na sisi tutakaa kwenye zile nyingine. Njia zetu huzijui, na tembo wa gemu hili hawana adabu kwa wageni, kwa hiyo huenda ukafa mapema. Ukifa, tafadhali usinyanyuke. Ngoja kidogo. Utaona mtu anakuja na jembe, halafu mwingine, halafu sisi sote. Ukishatuona, amua.

Mungu akurudishe kwako salama, awape watoto wa wilaya hii umri mrefu na maji ya karibu.

Ni sisi wako, Kikundi cha Ndiva, Darasa la Jioni, Same.

Msomaji: Kuluthumu Isihaka, kwa niaba ya wenzangu wote.