Kilicho Chini ya Kitambaa cha Maua

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, Bwana Direkteri wa Kampuni Jembe Jema, amahoro. Sisi mama wakamuaji wa mawese wa Ushirika Turikumwe, hapa Rumonge, tunakukaribisha. Kiti ulichokalia tumekiazima kanisani. Kaa bila wasiwasi, pasta amekubali. Meza iliyo mbele yako ni ya kwetu wenyewe.

TULIKOTOKA

Zamani tulikamua kwa kinu cha chuma chenye mti mrefu, tukiusukuma kwa kuzunguka. Wengine wetu tulirudi kutoka Tanzania na masufuria kichwani, wengine walivuka ziwa kutoka Kongo. Mti ule haukumuuliza mtu alikotoka. Ulituchosha sawasawa.

Kisha kampuni yako ikatuuzia mashine ya moteri. Tuliipokea kwa nyimbo, kama bibi harusi. Zipora, mwenzetu, akajifunza kuiwasha. Fundi wenu Bahizire alikuwa akipita, anaisikiliza, anaibadilishia mafuta. Migongo yetu ikapona. Watoto wakavaa viatu.

MATATIZO

Ndipo kampuni ikakua. Tunafurahi nanyi: dipo la kuuzia mashine Nyanza-Lac, dipo Bugarama, na leo umekuja kututangazia la Kabezi. Bahizire mkamhamisha. Mashine ikaanza kukohoa katikati ya musimu, Zipora akapiga simu kwenu.

"Mama, vumilia. Fundi yuko Nyanza-Lac, anapanga mashine mpya."

"Na hii ya zamani?"

"Hiyo si mulikwisha kuinunua?"

Zipora akarudi kwenye mashine. Matunda ya michikichi yalirundikana mpaka mlangoni, na matunda hayo hayangoji mtu. Yakilala, mafuta yanachacha. Akafungua tundu la mafuta ya moteri, akakuta pakavu. Akawaza: mawese tumepaka watoto, tumepaka vidonda, tumepaka hata bawaba za kanisa, na hakuna kilichokataa. Akachota yaliyo mazuri, mekundu, akamimina.

Bwana Direkteri, iliimba! Moshi ukanukia kama jikoni. Mwavita, mukongomani jirani yetu, akaja na sahani mkononi, tayari kuchotewa kisamvu: "Weye Zipora, unakamua ao unapika sombe?" Tukacheka mpaka machozi.

Kesho yake ikakwama. Mpaka leo haijageuka.

Tukarudi kwenye mti. Siku moja ukaponyoka, ukarudi nyuma kwa nguvu, ukamvunja Zipora bega. Mkono ule sasa haumbebi mjukuu. Hatumlaumu. Yeye husema tu, "Ningemuuliza nani?" Swali hilo tumekuletea wewe.

TUNACHOOMBA

Warundi tukigabiana ng'ombe kama zawadi, aliyetoa hurudi kumtazama. Hasemi, "Si nimeshatoa?" Tunaomba, kabla ya kufungua Kabezi, urudishe fundi Rumonge. Mashine nyingine hatutaki. Tunataka hii ipone. Na huyo fundi amfundishe Zipora, kwa sababu bega lake halisukumi tena, lakini masikio yake yako mazima, na mashine huanza kulalamika masikioni.

Hilo liingie kwenye mpango wenu wa kukua. Watu wa Kabezi ni ndugu zetu. Kabla ya kununua watatuuliza, "Mashine za Jembe Jema zikoje?" Nasi tumelelewa kutosema uongo.

Ndagala zako, dagaa wa ziwani kwetu, ziko jikoni. Zinangoja mawese, na mawese yanangoja wasukumaji, na wasukumaji tumesimama hapa tunakusomea. Tusamehe ukichelewa kula.

Basi Mungu azidishe madipo yako, na kila dipo alipatie fundi wake. Murakoze, tunashukuru. Sasa, kwa heshima, inua soda yako, ufunue kitambaa cha maua. Hiyo si meza, ndiyo ile uliyotuuzia.

Ni sisi, Ushirika Turikumwe wa Rumonge, pamoja na Zipora, aliyekitandika kwa mkono mmoja.