Vizazi Vitatu Hadi Getini

KARANI: Haloo? Fundi? Haloo!

FUNDI: Nani mwenzangu? Ongeza sauti, naziba pancha hapa.

KARANI: Shemeji yako. Mume wa dada yako.

FUNDI: Aaa, karani! Za huko juu?

KARANI: Mbaya. Mama mkwe ameshatoka?

FUNDI: Bado. Namwona dirishani, anakunja shuka la nne. Amekaa kwangu miaka sita, leo ndiyo naona ana haraka—

KARANI: Mwambie asiharakishe. Dada yako amenipa nafasi ya mwisho.

FUNDI: Nafasi gani tena? Si chumba cha vyuma vyako kinakuwa cha mama? Si tulikubaliana?

KARANI: Mlikubaliana nyinyi wawili, ndugu wa tumbo moja. Sasa asubuhi amekuta gia ndani ya soksi zangu za harusi. Akasema, "Miaka kumi na mitatu unaniambia hii ni baiskeli. Haya, ipande kutoka mlangoni hadi getini kabla mama hajafika. Ukifika, chumba chako. Usipofika, vyuma nje, mama ndani."

FUNDI: Hana makosa.

KARANI: Shemeji!

FUNDI: Nasema hana makosa makubwa. Umefika wapi?

KARANI: Fremu imesimama, magurudumu yanazunguka. Kilichobaki gia. Ninazo za vizazi vitatu, za zamani, za kati na za kisasa, na hakuna kizazi kilichotimia.

FUNDI: Nilikwambia shika kizazi kimoja—

KARANI: Uliniambia cha pili ni takataka!

FUNDI: Ni takataka! Vile vitufe viwili chini ya usukani? Ndani plastiki tupu. Afadhali cha tatu, chepesi.

KARANI: Chepesi kama ahadi za mgombea. Cha kwanza ndicho chuma, mkono wake wa kubadilishia gia unausukuma kwa dole gumba. Nimeupima na kitunguu kwenye mizani ya jikoni, umetoka sawasawa.

FUNDI: Kitunguu kikubwa au cha wastani?

KARANI: Wastani.

FUNDI: [kwa sauti ya chini] Basi hilo ni toleo la mwanzo kabisa. Unalo wewe? Tangu lini?

KARANI: Nimelala nalo tangu mwanangu azaliwe. Sasa sikiliza tatizo. Nyuma nimefunga kizazi cha tatu, ngazi tisa. Mkono wa kizazi cha kwanza unabofya mara saba tu. Mnyororo unakwama katikati ya ngazi, unalia kama paka aliyebanwa na mlango. Hakuna dawa?

FUNDI: [anapiga pampu]

KARANI: Haloo? Umekatika?

FUNDI: Nipo. Mama amefunga zipu.

KARANI: Fundi, nakuuliza kama fundi. Usinijibu kama mtoto wa mama yako.

FUNDI: Ungeniuliza jambo lingine lolote, karani! [anashusha pumzi] Haya. Ubavuni mwa huo mkono kuna kipete. Kizungushe nusu.

KARANI: Ngoja… Eh! Mibofyo imekufa!

FUNDI: Imestaafu. Sasa vuta taratibu, sikiliza mnyororo. Ukinyamaza, acha. Babu hahesabu, ndiyo maana anaelewana na wajukuu wote.

KARANI: Inaingia! Ya nne… ya sita… Fundi, ya tisa! Miaka yote hii umeninyima siri hii?

FUNDI: Wewe na baiskeli wapi na wapi? Ulikuwa unaipiga mswaki tu. [mlio wa honi] Haya, teksi imefika. Mama amepanda. Begi amekataa nilishike, anaogopa nitalirudisha ndani.

KARANI: Anakuja kwa njia ipi?

FUNDI: Kuna mbili? Ni hii hii, anapanda kilima tu hadi kwenu. Dakika tano.

KARANI: Dada yako huyu mlangoni, amekunja mikono. Nakutia mfukoni mwa shati. Usikate!

[mtandao unakwaruza, upepo]

KARANI: Inaenda! Fundi, inaenda yenyewe!

FUNDI: Karani. Breki umefunga za kizazi gani?

KARANI: Zipi?

FUNDI: Breki!

KARANI: Si hatujaafikiana! Wewe ulisema za mikono mirefu, mimi nikasema za diski, tukasema tutajadili Jumamosi!

FUNDI: Ukaacha bila?

KARANI: Nisingeweka kitu kwa hasira! Geti hilo… geti… nimepita geti! Nimeshinda!

FUNDI: Dada anasemaje?

KARANI: Anapiga kelele, "Nilisema hadi getini!" Huyo naye, kwa maneno! [upepo mkali] Fundi, huu mteremko haupungui.

FUNDI: Kanyaga tairi kwa soli!

KARANI: Viatu vya ofisini hivi, vimetoka kupigwa rangi! Naona teksi! Begi liko juu! Shikamoo, mama!

FUNDI: Ameitikia?

KARANI: Marahaba imebaki nyuma huko. Amenipungia mkono, nadhani anajua nimekuja kumpokea.

FUNDI: Sasa wewe umetoka, yeye anaingia…

KARANI: Chumba changu hicho! Nilifika kwanza! Mpigie dada yako, mwambie—

FUNDI: Karani, tazama mbele. Mteremko unaishia kwenye kibanda changu.

KARANI: Nakuona! Una shati la bluu! Ondoa hilo beseni!

FUNDI: Njoo na kushoto, kwenye rundo la matairi! Usiuguse huo mkono wa kwanza, ukiukwaruza sikusamehe!

KARANI: Fundi, nikinusurika nitalala wapi leo?

FUNDI: Kitanda cha mama kiko wazi, mashuka kaondoka nayo. Haya, nakata, nahitaji mikono yote miwili—