Leza ya Chepkurui Iliyopangwa Vizuri kwa Ajili ya Mgeni

Mgeni rasmi, mwenyekiti wa baraza la chuo chetu, karibu. Rangi haijakauka, kwa hivyo tafadhali usiegemee ukuta. Sisi ni mafundi na wanafunzi tisa wa leza. Risala hii inasomwa na mwenzetu Kibii kwa sababu Chepkurui, aliyestahili kuisoma, amekataa kusimama hapa.

HISTORIA

Chepkurui alitoka Rongai miaka mitatu iliyopita akitaka leza ya kutoboa matundu membamba kuliko unywele kwenye nozeli za trekta, vile vipua vya kupulizia mafuta ndani ya injini, bila kuunguza chuma. Leza yenyewe ni uzi mrefu wa kioo uliofungwa mduara. Mwanga huzunguka humo ovyo hadi mawimbi yake yakubali kwenda hatua moja; hapo hutoka kwa mapigo mafupi mno, kila pigo na nguvu zake. Kazi iko kwenye kuyapatanisha. Uzi ukunjwe hapa, usokotwe kidogo pale, na hakuna kitabu kinachokuambia ni wapi.

MAFANIKIO

Pigo likizidi nguvu hupasuka vipande viwili. Lilimpasukia hivyo kwa miezi kumi na minne. Akajifunza kulirefusha kwanza likiwa ndani ya uzi, lijae nguvu polepole, kisha kulibana likishatoka. Mwezi Machi lilitoka zima. Alilia, nasi tukalia naye. Akabandika kila mkunjo mezani kwa selotepu, akaandika kwa kalamu nyekundu kwamba usiguswe.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu, Mheshimiwa, ni ziara yako.

Jumamosi, Chepkurui akiwa kwao, msimamizi wa majengo, Bwana Nicodemus, aliagiza chumba kipendeze. Selotepu ikabanduliwa, uzi ukaviringwa kama kamba ya kuanikia nguo. Si mtu mbaya. Alihofia kibarua chake. Jumatatu alimngoja Chepkurui mlangoni akitabasamu, akamwuliza kama sasa meza si smart.

"Boss," Chepkurui akamwambia, "hizo hazikuwa waya za kupangwa. Hiyo mikunjo ndiyo ilikuwa leza yenyewe."

Hakumfokea. Aliketi akaanza kusokota upya, na mpaka asubuhi hii hajapata pigo hata moja. Tuna uchungu, na hatuoni haya kuusema.

MAOMBI

Ijumaa baraza lako litaamua kama chumba hiki kiendelee au kiwe stoo. Ripoti itasema mashine haifanyi kazi, na itakuwa kweli. Tunaomba umpe Chepkurui hadi Desemba aitafute mikunjo yake, na mlango huu usifunguliwe bila ruhusa yake.

Kuna lingine. Sasa hivi utaombwa ubonyeze kitufe, na doa jekundu litatokea ukutani. Mwanga wa leza yetu hauonekani kwa macho. Doa hilo ni la kitochi cha kufundishia, tulichoamriwa jana tukifunge chini ya meza ili upate cha kupigia makofi. Chepkurui alikataa kukifunga. Tuliokifunga ni sisi.

Mungu akufikishe nyumbani salama, na sisi atusamehe.

Mafundi na Wanafunzi wa Chumba cha Leza,
Nakuru.