Theopista Kokushubila na Sahani ya Shaba ya Wodi ya Tatu

Theopista Kokushubila aliajiriwa hospitalini hapa tarehe 1 Aprili 1969, akakabidhiwa ndoo na ufagio. Anastaafu Alhamisi hii, tarehe 30 Juni 1994, baada ya miaka ishirini na mitano na miezi mitatu. Cheo chake ni kilekile: mhudumu wa wodi. Tunalitaja hilo mapema, lisije likasahaulika kwenye keki.

Kazi yake halisi ilianza na vita. Mwaka 1979 wodi ya tatu ilijaa watu waliokimbia makombora. Wakati huo chakula kilitangazwa kwa rimu ya lori iliyotundikwa nje ya dirisha. Ikigongwa tu, wagonjwa wako chini ya vitanda. Mzee mmoja alitoka huko mvunguni mshono umefumuka. Uongozi ukasema watazoea. Theopista akaishusha rimu, akauliza swali ambalo hapa hakuna aliyekuwa ameliuliza: mtu aliyeshtuka anaweza kuvumilia sauti gani?

Akaanza kugonga vitu. Mifuniko, chupa, mabomba, hata miguu ya vitanda. Wenzake tulimwita Mama Sufuria, tukamuuliza anatupikia nini leo. "Masikio yenu, waitu," akajibu kwa adabu ya Kihaya, akaendelea.

Namna yake ya kuchagua inafaa kukumbukwa. Aligonga kwa kijiti kilichofungwa kitambaa, akafumba macho, akasikiliza mkia wa sauti, ule mlio unaobaki hewani, si kichwa chake, kishindo cha kwanza. Mfuniko wa alumini, alisema, una kichwa kikubwa na hauna mkia. Kisha aliyatazama mabega ya mgonjwa. Yakipanda, kifaa kinarudi jikoni. Yakishuka, kinabaki.

Siku yake ya mapumziko alikwenda Bukoba mjini, dukani kwa Mzee Dhirajlal, akamteremshia sahani zote za shaba rafuni na kuzigonga moja moja. Mzee akanung'unika kwamba majirani watadhani ameanzisha bendi ya harusi. Mkewe, Mama Damayanti, akacheka, akaingia ndani na kutoka na sahani nzito anayolia chakula mwenyewe. Za dukani ni za kutazama, alisema, hii ndiyo inaimba. Ilipogongwa, Mzee mwenyewe akamfungia aibebe. Sahani hiyo ipo wodini mpaka leo.

Alikosea pia, na kosa hilo ndilo lililomkomaza. Mwaka 1987, ukimwi ulipoijaza wodi, mfadhili alileta kengele ndogo ya kanisa. Mkia mrefu, sauti laini, ikafaulu kila kipimo. Siku ya kwanza ilipogongwa, mgonjwa kutoka Kibeta aitwaye Nathanieli aliinua kichwa akauliza kwa Kihaya: leo nani amekufa? Miaka ile kengele za parokia zililia zaidi kwa mazishi kuliko kwa ibada. Sauti ilikuwa nzuri, habari iliyobeba ikawa mbaya. Kengele ikashuka siku ileile. Tangu hapo hakugonga kitu kabla ya kumuuliza mgonjwa: hii unaijua wapi?

Swali hilo lilileta majibu ambayo hakuyategemea. Sayi, Msukuma mchuuzi wa samaki wa visiwani Muleba, aliomba manjuga, zile njuga za miguuni za ngoma za kwao. Sisi tuliona ni kelele. Yeye alizivaa na kuzitikisa chini ya blanketi, akitabasamu. Mguu ulipoishiwa nguvu, Theopista akamtikisia.

Hakuwahi kudai anaponya. Alichotaka ni kwamba mtu asiufikie mwisho wake akiwa ameshtuka.

Sasa kuna jambo. Jiko jipya liko mbali, wito wa chakula hausikiki wodini, na uongozi umeamua kuanzia Julai rimu irudi dirishani. Sababu inaeleweka, dirisha halieleweki. Tulipomuuliza Theopista anataka zawadi gani, alikataa saa ya ukutani. Akataka rimu itundikwe kulekule jikoni, upande wa ziwa, na muuguzi akiisikia atembee na sahani wodini.

Jumatatu, kwa ruhusa ya mganga mkuu, Fundi Ishengoma aliitundika huko akaigonga kwa nguvu zake zote. Wodi ya tatu, Muuguzi Petronila alikuwa amesimama akitazama mabega. Mlio ulifika kwa mbali, na hakuna bega lililopanda. Mganga mkuu akasema ibaki hukohuko.

Basi zawadi umeipata, Mama Sufuria. Cheo tutaendelea kukidai. Asante kwa masikio yako. Kijiji chenu cha Izigo kikupokee vizuri, kahawa izae, na ukae kwa utulivu uleule uliowapa wengine. Sherehe ya Alhamisi itafunguliwa kwa sahani. Utaigonga wewe.