Moyo Si Redio: Kumuaga Mama Skolastika, Muuguzi wa Shule Yetu

Tarehe 31 Agosti 1978, Muuguzi Skolastika Makarius atafunga mlango wa zahanati ya shule yetu kwa mara ya mwisho na kumkabidhi mwenzake ufunguo. Atakuwa ametimiza miaka ishirini na minane ya kuuguza watu hapa Mpanda, na kumi na mitatu kati ya hiyo ameitumia kwetu. Walimu wameona wasifu wake uandikwe na mwanafunzi, kwa kuwa sisi ndio tuliomeza dawa zake.

Mama Skola, kama shule nzima inavyomwita, alizaliwa kijijini Mamba katika familia ya wakulima wa mpunga. Alijifunza uuguzi kwa masista wa misheni, kisha akaajiriwa katika hospitali ya mgodi, enzi zile madini yalipokuwa yakichimbwa hapa. Wagonjwa wake wa kwanza walikuwa wachimbaji, wanaume wenye vifua vipana kama milango, waliokimbia wakiona sindano. Husema kwamba hao ndio waliomfundisha kuishi na wavulana wa sekondari. Mgodi ulipofungwa alihamia hospitali ya serikali. Shule yetu ilipofunguliwa mwaka 1965 alifika na baiskeli yake, sufuria ya kuchemshia sindano, na kuku.

Kuku hao wana sehemu yao katika historia hii. Kila msimu wa mvua malaria huijaza zahanati, na klorokwini ni chungu. Wavulana walikuwa wakiificha chini ya ulimi na kuitemea dirishani. Siku moja Mama Skola alimwona jogoo wake akizunguka chini ya dirisha hilo kama mtu aliyetoka kilabuni. Hakumgombeza mtu. Alitunga sheria tu: ukishameza, taja kwa sauti jina lako, la baba yako na la babu yako. "Kidonge na babu yako hawakai mdomo mmoja," alisema. Wapo kati yetu waliokwenda likizo na kuwauliza baba zao jina la babu kwa ajili ya klorokwini tu. Jogoo alipona.

Lakini jambo tunalojivunia kuliko yote lilitokea mwaka 1975, na wanafunzi wapya hulisikia nusunusu.

Mwaka huo alikuja kidato cha kwanza mvulana aitwaye Libérat, kutoka Katumba, ambako wazazi wake walipewa mashamba baada ya kukimbia Burundi. Kiswahili chake kilikuwa bado kimechanganyika na Kirundi, na bwenini walimcheka kwa hilo. Alikuwa na pumu. Daktari alimwandikia vidonge, na kwa kuwa pumu haingoji zahanati ifunguliwe, Mama Skola alimruhusu akae na kopo lake.

Wanafunzi wa kidato cha nne waligundua kwamba vidonge hivyo hufukuza usingizi. Mtihani wa taifa ulikuwa umekaribia, kila mtu akitaka kukesha na vitabu. Wakavipa jina la "betri". Hawakumnyang'anya Libérat. Walimwita "mdogo wetu", wakamsogezea nafasi kwenye benchi lao wakati wa kula, na yeye akawagawia.

Mama Skola aliona kwanza jambo lisiloeleweka: mtoto aliyemaliza dawa zake mapema ndiye aliyezidi kubanwa kifua. Kabla hajapata jibu, aliletewa Osward, aliyekuwa akiongoza kidato cha nne, kutoka kwenye mtihani wa majaribio. Mikono ilimtetemeka hadi kalamu haikushikika. Mama alimwambia ataje majina matatu. Osward, bingwa wetu wa mdahalo, alikwama kwenye jina la baba, ulimi ukiwa mkavu. Mama alimshika kifundo cha mkono, akasikiliza mshipa unavyokwenda mbio, kama wa mtu aliyemeza dawa ya pumu. Kisha aliuliza jambo moja tu: "Libérat yuko wapi?"

Alikutwa nyuma ya bweni, ameinama na kushika magoti, akivuta pumzi kwa mlio kama wa filimbi. Kopo lilikuwa tupu. Mama Skola alimwacha Osward chini ya uangalizi wa mwalimu wa zamu, akampakia Libérat kwenye baiskeli na kuisukuma hadi hospitali, akimwambia njia nzima, "Pumua na mimi, mwanangu. Taratibu. Na mimi." Huko Libérat alichomwa sindano, na kifua kikafunguka.

Kikao cha walimu kilielekea kuwafukuza wote wawili. Mkuu wetu, Mwalimu Tamimu, ameturuhusu tuandike kilichotokea. Mama Skola aliingia na vumbi la barabara miguuni, akasema, "Mkiwafukuza, andikeni na jina langu. Nilimpa mtoto kopo, sikumpa neno la kukatalia." Mwishowe wakakubali vijana wabaki, kwa sharti kwamba yeye aifundishe shule nzima.

Alitufundishia uwanjani. Kila mmoja alishika kifundo cha mkono wake akiwa amesimama, kisha tukazunguka uwanja mbio na kushika tena. "Hivyo ndivyo moyo wa Osward ulivyokwenda akiwa ameketi kwenye kiti," alisema. "Nyie watoto, moyo si redio ya kutia betri. Dawa ya mwenzako ni pumzi ya mwenzako."

Kisha alimwita Libérat mbele na kumwuliza kwao husemaje kukataa. Libérat alijibu kwa sauti ndogo: "Oya." Ndiyo "hapana" ya Kirundi. Mama aliwapanga wakubwa wa kidato cha nne, kila mmoja apite na kumwomba kidonge. Wa kwanza alijibiwa kwa kunong'ona. Wa mwisho, Osward mwenyewe, alijibiwa "Oya, kaka!" hadi mpishi akachungulia kutoka jikoni. Tangu siku hiyo neno walilolicheka ni neno la shule. Hata daftari la hesabu ukiliomba ili unakili, utaambiwa oya.

Hakuishia hapo. Alizunguka madukani mjini kwa baiskeli akiwaomba wauzaji wasituuzie vidonge ovyo. Bi. Zaitun, mwenye duka karibu na stesheni, alimwahidi kwamba mwenye kaptula ya shule atauziwa biskuti tu, na ameshika ahadi, kwa faida yake. Vidonge vya pumu siku hizi hutolewa kidogokidogo, na usiku mwalimu wa zamu ana ufunguo wa zahanati.

Osward alifaulu, sasa ni mwalimu. Libérat yuko kidato cha nne, ni kiranja wa bweni, na ndiye anayewapokea wageni wa kidato cha kwanza na kuwasogezea benchi bila kuwadai kitu.

Mwezi uliopita tulimtuma Libérat, kwa niaba ya wanafunzi wote, akamwombe Mama Skola abaki walau mwaka mmoja. Alimsikiliza hadi mwisho, akamshika kifundo cha mkono kana kwamba anampima, akatabasamu. "Oya, mwanangu," alisema.

Tumekubali, Mama, kwa kuwa wewe ndiye uliyetufundisha kuliheshimu neno hilo. Asante kwa pumzi zetu. Nenda Mamba ukale wali wa mpunga mpya, kuku wako washibe mahindi peke yake, na maisha yako yawe mema na marefu.