Ukurasa wa Mwisho wa Kwale

Ndugu waombolezaji, tunayemlaza leo ni Mwalimu Felista Petro Mloka. Anayesoma ni mdogo wake, Modesta. Sauti ikimpanda, mmwie radhi. Ana uchungu, na sababu mtaisikia.

Marehemu alizaliwa Kinole tarehe 12 Machi 1929, mtoto wa kwanza wa Mzee Petro na Mama Magdalena. Alisoma shule ya misheni hukohuko mlimani, akahitimu ualimu mwaka 1949. Tarehe 7 Juni 1952 alifunga ndoa na Fransisko, mkulima wa Mlali, aliyekuja kumchumbia amekumbatia kabichi. Marehemu alimcheka kwa hilo mpaka juzi.

Alifundisha Mlali miaka mingi. Mwaka 1971 alichapisha kitabu cha watoto, Kwale wa Ukungu. Watoto wanapotea katika nchi ya mazimwi. Ndege kwale anauawa badala yao, na asubuhi ya tatu, katika ukurasa wa mwisho, wanamsikia akiita kilimani. Watoto walikipenda mno. Nakala za shule zilichakaa hadi zikashonwa kwa uzi wa magunia.

Wasomi, lo! Walikitemea mate. Ernest, mhakiki aliyekuwa katika kamati ya kuchagua vitabu vya shule, aliandika gazetini kwamba ni "uji wa watoto uliotiwa ubani". Mwaka 1974 kamati ikamwambia marehemu: ondoa ukurasa wa mwisho, kwale aokolewe na wanakijiji wenye majembe, la sivyo kitabu kinatoka mashuleni.

Marehemu aliogopa, tusimpambe. Aliandika mwisho mpya, akawasomea watoto darasani. Pili, binti wa shehe wa pale Mlali, akasimama.

"Mwalimu, kwale wetu umempeleka wapi?"

Jioni ile alichoma mwisho mpya jikoni. Kitabu kikaondolewa. Yeye akahamishiwa Gairo, mbali na mume na watoto, na huko ndiko moyo ulikoanza kumsumbua.

Sasa, jamani, Ernest huyo ni wa ukoo wa watani wetu. Kwa desturi yetu Waluguru, watani ndio wanaochimba kaburi na kutuzikia. Mwezi uliopita alikuja hospitali alikolazwa marehemu, Morogoro mjini. Modesta alitaka kumfukuza.

"Mtani, hujafa tu?" Ernest akauliza kutoka mlangoni.

"Nakungoja wewe unizike," marehemu akajibu. "Na kabla ya udongo, unisomee ukurasa ule wa mwisho. Wote."

"Simwamini huyo ndege wako, Felista."

"Nani kakwambia uamini? Nimekwambia usome."

Ernest alitoka bila kusema ndiyo wala hapana. Marehemu alifariki Alhamisi, tarehe 9 Juni 1977, akiwa bado anauliza kama mtani amejibu. Hilo Modesta halijamtoka moyoni.

Ameacha mume, Fransisko, watoto wawili, Agnes na Yohana, wajukuu watatu, na mdogo wake huyu anayewasomea. Mungu amlaze pema, apumzike sasa, maana duniani hawakumwachia nafasi.

Kaburi limechimbwa vizuri, mtani, ahsante. Kitabu hiki hapa, Modesta anakukabidhi mbele za watu. Na mama zetu wa ukoo wamekwisha kukaa juu ya udongo wa kufukia kaburi. Hawainuki mpaka usome.